Umejaza fomu, ukapiga picha, ukarudi fomu tupu: hivi ndivyo apu inavyoishi na kufa

Uko kwenye skrini ya tano ya fomu ya maombi ya kazi. Umeshajaza jina, namba ya NIDA, shule ulizosoma, wadhamini wawili na namba zao. Sasa fomu inataka picha ya cheti. Unagusa alama ya kamera, kamera inafunguka, unapiga picha, unagusa tiki. Badala ya kurudishwa pale ulipokuwa, unaona nembo ya apu katikati ya kioo, kama vile ndiyo kwanza unaifungua leo. Kisha skrini ya kwanza. Tupu.

Watu wengi hapo wanalaumu mtandao, au wanasema simu imezeeka. Mara nyingi sivyo. Kilichotokea ni kwamba wakati unapiga picha, simu iliiua ile apu kimyakimya kwa sababu ilihitaji nafasi. Na haikukosea, ndivyo ilivyotengenezwa. Kama kuna wa kulaumiwa ni aliyeandika apu bila kujiandaa na jambo ambalo kila mwandishi wa programu za simu anatakiwa kulijua mapema kabisa.

Wewe mtumiaji huwezi kuirekebisha apu ya mtu. Lakini ukijua inavyozaliwa, inavyolala na inavyokufa, utajua ni wakati gani kazi yako iko hatarini, na utaacha baadhi ya mambo tunayoyafanya kila siku tukidhani tunaisaidia simu.

Meza ya fundi cherehani

Tuanze na vitu viwili vinavyochanganywa sana. Ukipakua apu, inakaa kwenye hifadhi ya simu, ile ya GB 32 au 64 ambamo pia picha na video zako zimo. Ikiwa humo tu, bado haifanyi kazi. Ukiigusa, simu inaipandisha kwenye RAM, ambako ndiko kazi inakofanyika. RAM ni ndogo kuliko hifadhi: GB 2, 3 au 4 kwa simu nyingi za bei ya kawaida.

Fikiria fundi cherehani wa mtaani. Ana kabati la vitambaa na ana meza moja. Kabati ni hifadhi, meza ni RAM. Wateja wakiwa wachache, vitambaa vyote vinakaa mezani. Wakiongezeka, vingine vinasogezwa pembeni, na meza ikijaa kabisa vinarudishwa kabatini. Fundi makini, kabla ya kurudisha kitambaa chako, anaandika kwenye daftari: kola tayari, mikono bado, kiuno kipunguzwe. Ukija kesho anaendelea alipoishia. Fundi asiye na daftari atakupima upya, na wewe utaona kama hajawahi kukuona.

Lile daftari ndilo la kukumbuka hapa. Simu zote zinaondoa apu mezani. Tofauti ya apu nzuri na mbovu ni kama iliandika daftarini kabla ya kuondolewa.

Apu nayo si skrini moja. Ukifungua orodha ya mazungumzo, kisha mazungumzo ya mtu mmoja, kisha picha aliyokutumia, umepanga sahani tatu moja juu ya nyingine. Kitufe cha kurudi nyuma kinaondoa sahani ya juu tu. Na hapa kuna jambo dogo ambalo limewaumiza wengi: kwenye Android, skrini uliyoiondoa kwa kurudi nyuma inahesabiwa kuwa umemaliza nayo. Simu haiandiki chochote daftarini kwa ajili yake. Ukigusa kitufe cha mwanzo, kile kinachokurudisha kwenye kioo cha alama za apu, skrini inawekwa pembeni ikisubiri urudi. Vitufe hivi viwili vinafanana machoni lakini kimoja kinafuta na kingine kinaahirisha. Kwa hiyo ukiwa katikati ya fomu na unataka kutoka kidogo, tumia kitufe cha mwanzo, usirudi nyuma. (Tangu Android 12 ya mwaka 2021, ukirudi nyuma kwenye sahani ya mwisho kabisa ya apu, kwa kawaida haivunjwi tena, inawekwa pembeni tu. Sahani za juu yake bado zinavunjwa kama zamani.)

Skrini inapita wapi na wapi

Unapogusa alama ya apu, skrini ya kwanza inaundwa: inapangiwa maandishi, vitufe na picha zake. Bado huioni. Kisha inatokea kwenye kioo. Kisha inakabidhiwa kwako, yaani vidole vyako vinaanza kusikilizwa. Hatua hizi tatu zinapita haraka kiasi kwamba unaona kama kitu kimoja.

Kikitokea kitu kinachofunika sehemu tu, mfano kile kisanduku kinachouliza kama unairuhusu apu kutumia kamera, skrini inasitishwa. Unaiona nyuma yake lakini haikusikii. Ukipokea simu ikajaza kioo kizima, au ukahamia apu nyingine, skrini inasimamishwa: haionekani tena, ila bado iko mezani. Ukirudi inaamshwa, unakuta kila kitu kama ulivyoacha. Hatua ya mwisho ni kuvunjwa.

Kwa wanaojifunza kuandika programu za Android, majina yake kwenye kodi ni onCreate, onStart na onResume wakati wa kupanda, kisha onPause, onStop na onDestroy wakati wa kushuka. Siku hizi apu nyingi zinabeba skrini kadhaa ndani ya fremu moja, hivyo utakuta mipangilio inatofautiana, lakini safari ya kupanda na kushuka ni ileile.

Katika kila hatua simu inaipigia apu hodi: unasitishwa, unasimamishwa, una la kuandika? Hiyo ndiyo nafasi ya daftari. Tatizo ni kwamba kuna kifo kimoja kisicho na hodi. Apu ikishasimamishwa, simu inaweza kuiondoa yote kwenye RAM muda wowote, bila kuiambia neno. Hatua ya kuvunjwa, ile onDestroy, inaweza isiitwe kabisa. Mwandishi anayesema “nitahifadhi kazi ya mtumiaji mwishoni” amejenga juu ya mchanga, maana mwisho huo unaweza usifike.

Android yenyewe inasaidia kidogo. Maandishi uliyoandika kwenye visanduku vya kawaida, na mahali ulipokuwa umefika kwenye ukurasa, mara nyingi vinakumbukwa bila mwandishi kuhangaika. Mengine ni juu yake: picha uliyochagua, hatua ya fomu uliyofikia, majibu uliyotiki. Na daftari hilo la Android ni dogo sana. Mlango ambao taarifa zake zinapitia una nafasi ya MB 1 kwa apu nzima, hivyo picha ya cheti haiingii humo. Pia ni daftari la muda: ukiifuta apu kwenye orodha ya apu za karibuni, nalo linatupwa. Kazi iliyo salama kweli ni ile iliyoandikwa kwenye hifadhi ya simu au iliyotumwa kwa kompyuta za mwenye huduma. Ukiona apu inakuandikia “rasimu imehifadhiwa”, hiyo imefanya kazi yake.

Kugeuza simu tu

Jambo linalowashangaza hata wanafunzi wa programu: kwenye Android, ukiigeuza simu kutoka wima kwenda ulalo, kwa kawaida skrini uliyokuwa nayo inavunjwa na inaundwa nyingine mpya. Sababu ni kwamba mpangilio wa ulalo unaweza kuwa tofauti kabisa na wa wima, na waliobuni Android waliona rahisi zaidi kujenga upya kuliko kuhamisha samani moja moja. Hata kubadili lugha ya simu, au kuwasha mwonekano wa giza, kunaweza kuleta kitu hichohicho.

Ikiandikwa vizuri huoni chochote. Ikiandikwa ovyo, unalala kitandani, simu inapinduka kidogo, na ulichoandika kinayeyuka. Wapo waandishi wanaokwepa kwa kuifunga apu isigeuke kabisa. Inaficha ugonjwa, haiutibu, kwa sababu apu hiyohiyo itapoteza kazi yako siku RAM ikijaa. Kwa upande wako dawa ni rahisi: zima kujigeuza kwa kioo kabla ya kuanza kujaza kitu kirefu.

Nani anaondolewa kwanza

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya MB 192. Kwa meza ndogo namna ile, kuua apu zilizo pembeni lilikuwa jambo la lazima tangu siku ya kwanza, na mfumo wote ukajengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 2017 Google ilitoa Android Go, toleo jepesi kwa simu za RAM ya GB 1 au chini ya hapo, kwa sababu apu zilikuwa zimenenepa kuliko simu za bei nafuu.

Kuondoa kunafuata foleni. Apu iliyo mbele yako ndiyo ya mwisho kuguswa. Inafuatiwa na zile ambazo huzioni lakini zinafanya kazi unayoijua, kama muziki unaopiga au ramani inayokuelekeza njia. Hizo ndizo zinazoweka arifa juu ya kioo. Ile arifa ni kama kitambulisho kwamba apu ina ruhusa ya kuwa macho. Mwisho wa foleni wako wale uliowaacha pembeni, na kwa kawaida waliokaa muda mrefu ndio wanaotangulia kuondoka.

Sasa rudi kwenye fomu yako ya kazi. Ulipofungua kamera, kamera ikawa ndiyo apu iliyo mbele, na fomu ikasogea pembeni. Kamera ni mlafi wa RAM. Picha ya megapikseli 12, ambayo ikihifadhiwa inaweza kuwa MB 3 au 4 tu, ikifunguliwa kwenye RAM inachukua karibu MB 48, kwa kuwa kila nukta inahitaji baiti 4. Na kamera za sasa zinapiga picha kadhaa na kuziunganisha. Kwenye simu ya RAM ya GB 2 yenye apu nyingine nyuma, fomu yako ikawa sadaka. Ndiyo maana tatizo hili linatokea mno kwenye fomu zinazotaka picha ya kitambulisho, na linatokea zaidi kwa wenye simu za bei ndogo. Aliyeandika fomu huenda aliijaribu kwenye simu yenye RAM ya GB 8 na haikumsumbua hata mara moja.

Namna ya kulikwepa ni kupiga picha za vyeti kabla, ukiwa hujafungua fomu, kisha ndani ya fomu ukachagua kutoka kwenye picha zako badala ya kufungua kamera. Kuchagua picha nako kunaisogeza fomu pembeni, lakini kwa mzigo mdogo zaidi. Majibu marefu, kama maelezo binafsi, yaandike kwanza kwenye apu ya maandishi au kwenye meseji unayojitumia mwenyewe, halafu nakili na kubandika.

Usidhani fomu ya kwenye tovuti iko salama zaidi. Kivinjari kina kurasa nyingi zilizofunguliwa, na RAM ikibana kinaanza kuzitupa zile usizoziangalia. Ukirudi unaona ukurasa unapakia upya, na bando linaliwa mara ya pili.

Skrini ni kitu kimoja, hela ni kitu kingine

Hapa ndipo kutoelewa kunapogharimu hasa. Unamtumia fundi shilingi 50,000 kwa apu. Umeweka namba ya siri, umegusa kuthibitisha, duara linazunguka. Linazunguka. Apu inaganda. Unaitoa, unaifungua tena, na skrini ya kutuma iko palepale kama vile hujafanya kitu. Vidole vinawasha kugusa tena.

Usiguse. Ulipothibitisha, apu ilituma ombi kwenda kwenye kompyuta za mtoa huduma, na ombi likishaondoka lina maisha yake. Kufa kwa skrini hakuliui. Kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea: ombi halikutoka kwenye simu, au lilifika likakataliwa, au lilifika, hela ikaenda, na lililopotea njiani ni jibu tu. Kwako wewe unayetazama kioo, yote matatu yanafanana kabisa. Subiri ujumbe wa uthibitisho, angalia salio, angalia orodha ya miamala ya karibuni. Ikiwa hela haijatoka ndipo urudie.

Apu zilizoandikwa kwa uangalifu zinalipa kila ombi namba yake ya pekee, hivyo hata likifika mara mbili linahesabiwa mara moja. Shida ni kwamba kwa kuiangalia tu apu huwezi kujua kama imefanya hivyo.

Kile kisanduku cha Android kinachosema apu haijibu, na kukuuliza usubiri au ufunge, kwa kawaida kinakuja apu ikiacha mguso wako bila jibu kwa sekunde 5. Kukichagua kufunga ni kuua skrini, si kughairi malipo. Ni kosa ambalo watu wengi wanalifanya kwa nia njema kabisa, wakidhani wamewahi kuizuia hela.

Kanuni hiyo inafanya kazi upande wa pili pia. Kama wewe ni muuzaji na mteja anakuonyesha kioo kilichoandikwa “umefanikiwa kutuma”, au picha ya kioo hicho, hujalipwa. Umeonyeshwa skrini. Angalia salio lako mwenyewe, kwa sababu hata meseji inaweza kughushiwa.

Na apu ya benki kukutoa nje kila ukiiacha kidogo? Hiyo si ubovu. Inajifunga makusudi ili atakayeokota simu yako asiikute wazi. Nyingi pia zinazuia picha ya kioo, ndiyo maana kwenye orodha ya apu za karibuni unaona kisanduku cheupe au cheusi badala ya salio lako. Menyu zile za nyota na reli nazo zina tabia ya kujifunga, ila huko kikao kiko kwa mtandao wa simu: ukichelewa kujibu kinakatwa na unaanza mwanzo, RAM iwe kubwa au ndogo.

Kufagia apu zote: acha tu

Kuna tabia ambayo karibu kila mtu anayo. Ukitoka kwenye apu unafungua ile orodha ya karibuni na kufagia zote, kwa imani kwamba unaokoa chaji na simu haitastaki. Wengine wanafanya hivyo kila baada ya dakika chache, na wanajisikia vizuri kama aliyefagia uwanja.

Kwanza, ile orodha si orodha ya apu zinazofanya kazi. Ni orodha ya ulizotumia, pamoja na picha ya mwisho ya kila moja. Nyingi kati yake huenda simu ilishaziondoa mezani zamani. Unafagia picha.

Pili, zilizobaki mezani zimesimamishwa. Zinakalia RAM, ni kweli, lakini RAM tupu haikupi faida yoyote, na simu ikihitaji nafasi itaichukua yenyewe bila kukusumbua. Ukizifagia, ukizihitaji tena simu inalazimika kuzipandisha kutoka kabatini moja baada ya nyingine, kazi inayokula chaji zaidi kuliko kuamsha iliyokuwa pembeni. Ni kama fundi anayerudisha vitambaa vyote kabatini kila mteja mmoja akiondoka. Mwaka 2016 Craig Federighi wa Apple, anayesimamia programu za iPhone, aliulizwa na mteja kama kufunga apu kunasaidia betri, akajibu kwamba yeye hafungi na hakusaidii. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android, alisema jambo linalofanana mwaka huohuo.

Zipo nyakati za kufagia. Apu imeganda na haisikii: ifute. Ramani imeendelea kukufuatilia ingawa umeshafika: ifute. Apu mpya unayoishuku inakula chaji: nenda kwenye setingi, sehemu ya betri, uone kwanza, kisha uamue, na mara nyingi uamuzi bora ni kuiondoa kabisa.

Kuna pia kitufe kikali zaidi ndani ya setingi za kila apu, cha kuisimamisha kwa nguvu. Hiki si cha kuchezea. Apu iliyosimamishwa hivyo kwenye Android hairuhusiwi kujiamsha mpaka wewe uifungue tena kwa mkono. Haileti arifa, haipigi kengele. Kama ni apu inayomkumbusha mama dawa zake za presha saa 2 usiku, itanyamaza, na hakuna atakayejua kwa nini. Kwenye simu za baadhi ya watengenezaji, hata kufagia kwa kawaida kunafanya kazi kama kusimamisha kwa nguvu, na mfumo wao wa kubana betri unaua apu za pembeni kwa ukali kuliko Android yenyewe inavyotaka. Dalili yake unaijua: meseji zinaingia zote kwa pamoja pale tu unapofungua apu. Nenda setingi, tafuta apu hiyo, sehemu ya betri, na uiruhusu kufanya kazi bila vizuizi. Fanya hivyo kwa apu mbili au tatu unazozitegemea, usifanye kwa zote, maana hapo chaji itakwenda kweli.

Kitufe kingine cha kuogopa ni cha kufuta data ya apu. Kinakaa jirani na cha kufuta kashe. Kashe ni vitu vya muda vinavyoweza kupakuliwa tena. Data ni akaunti uliyoingia, rasimu zako, kila kitu ambacho apu iliandika kwenye simu.

Na iPhone?

Habari ni ileile kwa majina tofauti. Apu iko mbele na inakusikia, au iko mbele lakini imezubaishwa kwa muda, au iko nyuma ikimalizia kazi, au imegandishwa kwenye RAM, au haipo. Kugeuza simu huko hakuvunji skrini. Ila apu iliyogandishwa inauawa bila hodi vilevile. Kabla ya iOS 4 ya mwaka 2010, apu nyingi za watu wa nje zilikuwa zinafungwa moja kwa moja ukigusa kitufe cha mwanzo. Hapakuwa na pembeni ya meza. Ukifagia apu kwenye iPhone, arifa za kawaida bado zinafika kwa sababu zinapitia kwa Apple, lakini apu yenyewe haitaamka kuvuta vitu vipya mpaka uifungue.

Apu uliyoisahau

Apu usiyoigusa kwa miezi kadhaa nayo ina hatua yake. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 simu inaweza kuinyang'anya ruhusa ulizoipa, kama kamera na mahali ulipo, na tangu Android 12 inaweza kuilaza kabisa: haifanyi kazi nyuma ya pazia, haileti arifa, na vitu vyake vya muda vinafutwa. Ukiifungua inaamka, ila itakuomba ruhusa upya. Kama una apu unayoitumia mara moja kwa mwaka lakini unataka ikuamshe, kuna swichi ya kuzuia hilo kwenye setingi zake.

Kuondoa apu kwenye simu hakufuti akaunti yako kwa mwenye apu. Taarifa ulizompa zinabaki kwake. Tangu mwaka 2022 Apple inazitaka apu zinazofungulisha akaunti ziweke pia njia ya kuifuta ukiwa ndani ya apu, na Google ilitangaza sharti linalofanana mwaka 2023. Ukitaka kuachana na apu, hasa zile za mikopo ya haraka, futa akaunti kwanza ndipo uondoe apu.

Ijaribu kabla hujaiamini

Kabla ya kujaza fomu ndefu kwenye apu usiyoijua, tumia dakika mbili. Andika neno lolote kwenye kisanduku cha kwanza na ufike skrini ya pili. Gusa kitufe cha mwanzo. Fungua kamera upige picha moja, fungua ramani, fungua apu ya video uitazame kidogo. Rudi. Ukikuta neno lako na uko skrini ya pili, ama apu ina daftari, ama simu yako haikuhitaji kuiua. Kwenye simu ya RAM ndogo jibu hilo lina uzito zaidi. Ukikuta nembo na skrini ya kwanza tupu, jua kwamba fomu hiyo inajazwa kwa mkao mmoja: vyeti vimeshapigwa picha, majibu marefu yako tayari, kioo hakijigeuzi, apdeti za apu zimesimamishwa kwa muda, kwa kuwa apu ikisasishwa ikiwa imefunguliwa inafungwa, na chaji iko ya kutosha.

Waandishi wa programu wana njia yao kali zaidi. Kwenye setingi za wasanidi za Android kuna swichi inayovunja kila skrini mara tu mtumiaji anapoiacha. Ukiiwasha, makosa yote ya daftari yanajitokeza ndani ya dakika chache, hata kwenye simu yenye RAM ya GB 8. Kama unaijua timu inayotengeneza fomu za kazi, mikopo au usajili, waambie waiwashe siku moja nzima wajaze fomu yao wenyewe, pamoja na picha ya cheti.